Kioo Kilichokataa Kutoka Mfupani

Leo naomba niweke kando mambo ya programu na tarakilishi, nizungumzie kioo. Sio kioo cha dirisha wala cha simu. Ni kioo kinachowekwa ndani ya mwili wa binadamu kikashikana na mfupa. Nimeisoma historia yake nikaona kwamba ina somo hata kwetu sisi waandishi wa programu.

Tuanzie mwaka wa 1967. Larry Hench, mtaalamu wa seramiki katika Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa ndani ya basi akielekea kwenye mkutano wa jeshi la Marekani kuhusu malighafi, huko Sagamore, jimbo la New York. Jirani yake kitini alikuwa kanali aliyetoka vitani Vietnam. Hench akamsimulia kazi yake: kutafuta vifaa vya elektroniki vinavyostahimili mionzi mikali. Kanali akamuuliza, kama unaweza kutengeneza kitu cha kustahimili mionzi, mbona usitengeneze cha kustahimili mwili wa mtu?

Swali hilo halikuwa la kupitisha wakati. Askari walikuwa wanakatwa miguu na mikono kwa sababu madaktari hawakuwa na kitu cha kuziba pengo la mfupa ambacho mwili ungekipokea. Chuma na plastiki zilikuwepo, lakini mwili ukishaona kitu kigeni hukizungushia ukuta wa kovu. Kitu kinabaki humo ndani kama mgeni asiyekaribishwa, na baada ya muda kinaanza kulegea.

Wataalamu wengi wa wakati huo walitafuta kitu baridi kabisa, kisichouchokoza mwili hata kidogo. Hench aliuliza vingine. Madini ya mfupa ni aina ya fosfeti ya kalsiamu iitwayo haidroksiapataiti. Je, tukipata kitu ambacho kitajitengenezea madini hayo hayo juu ya uso wake, si mwili utakiona ni ndugu?

Mwaka wa 1969 alichanganya na kuyeyusha kioo chenye vipimo hivi kwa uzito: silika asilimia 45, oksidi ya sodiamu 24.5, oksidi ya kalsiamu 24.5, na oksidi ya fosforasi 6. Kilikuja kuitwa Bioglass 45S5. Vipande vidogo vyake alimpa daktari wa mifupa, Ted Greenlee, ambaye alivipandikiza katika mifupa ya mapaja ya panya. Wiki sita baadaye Greenlee alipiga simu akiwa ameshangaa. Vipande havitoki! Amevisukuma, amevigonga, havisogei. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1971.

Sasa inafanyaje kazi? Nitaeleza hatua kwa hatua, kama tunavyofuatilia programu:

1. Kioo kikiguswa na majimaji ya mwili, sodiamu inatoka na haidrojeni inaingia mahali pake.
2. Uso wa kioo unabaki na tabaka laini la silika, kama jeli.
3. Kalsiamu na fosfeti zinajikusanya juu ya jeli hiyo.
4. Mkusanyiko huo unageuka kuwa fuwele zinazofanana na madini ya mfupa.
5. Seli za mfupa zinafika, zinajishikiza hapo na kuanza kujenga.

Hapa ndipo niliposimama nikatafakari. Kioo cha dirisha kina silika zaidi ya asilimia 70, na tunakisifu kwa sababu hakiyeyuki kwenye maji. Cha Hench kinayeyuka polepole, na kuyeyuka huko ndiko siri yenyewe. Ukizidisha silika kupita asilimia 60 hivi, kioo kinatulia na mfupa haushikani nacho tena.

Lakini nisiwadanganye, kioo ni kioo. Kinavunjika. Hakiwezi kubeba uzito wa mtu mzima akitembea, kwa hivyo mguu wa yule askari haukupata mfupa mzima wa kioo. Bidhaa ya kwanza, mwaka wa 1985, ilikuwa kitu kidogo mno: badala ya vile vifupa vya sikio la kati, ili mtu asikie tena. Mwaka wa 1993 ukaja unga wa kujaza mfupa wa taya ulioliwa na ugonjwa wa fizi, na mwaka wa 1999 unga wa kujaza mapengo katika mifupa mingine. Baadaye kioo hicho hicho kikaingia katika dawa ya meno, kwa wanaosumbuliwa na ganzi.

Na hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 2001, Hench akiwa Imperial College London, yeye na wenzake walionyesha katika maabara kwamba kalsiamu na silika zinazotoka kwenye kioo huamsha jeni ndani ya seli za mfupa. Kumbe kioo hakikuwa kinashikana tu, kilikuwa kinatoa maagizo! Hench alifariki mwaka wa 2015.

Sisi waandishi wa programu tunapenda kujenga kitu kisichoguswa na chochote, tukidhani huo ndio uimara. Hench alijifunza kwanza lugha ya mwenyeji, ndipo akabisha hodi. Mimi nimeliweka hilo akilini. Wewe je?

Tuonane wakati mwingine.