Karte grafiki ndani ya mashine virtueli: angalia karte mama kwanza

Ordinatere yenye Linux inaweza kubeba Windows ndani yake, sawa na nyumba yenye chumba cha kupangisha. Chumba hicho njo wanaita mashine virtueli. Kwa kuandika ao kuhesabu, inatosha. Kwa michezo haitoshi, sababu karte grafiki anayoona mpangaji ni ya kuigiza tu, na picha inakwamakwama. Dawa ni kumpa mpangaji karte ya kweli, mwenye nyumba asiiguse tena. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na KVM, iliyoingia mwaka 2007, pamoja na VFIO ya mwaka 2012.

Ndugu msomaji, pesa inapotea hapa: mtu anatoka Kasongo ao Kabambare na kukimbilia kununua karte nzuri, kumbe shida iko kwenye karte mama. Prosesa lazima iwe na VT-d kama ni Intel, ao AMD-Vi kama ni AMD, na iwashwe kwenye BIOS. Kisha kuko makundi ya IOMMU. Vifaa vya kundi moja havitenganishwi: mwenye nyumba anaviachilia vyote. Karte grafiki na sauti yake zikiwa peke yao, ni sawa, unazitoa zote mbili. Lakini kama diski ao neti iko kundi lile lile, mwenye nyumba anabaki mikono mitupu. Jaribu kuhamishia karte kwenye nafasi ingine ya karte mama. Kuko pia kiraka cha ACS kinachovunja makundi kwa nguvu, ila kinalegeza ulinzi, mimi sikipendekezi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, enda na Linux kwenye klé USB. Washa VT-d, ongeza intel_iommu=on wakati wa kuanzisha (AMD haihitaji), halafu fungua /sys/kernel/iommu_groups. Ikiwa tupu, usinunue.

Mengine si magumu sana. Mwenye nyumba anabaki na picha ya ndani ya prosesa, mpangaji anapata karte. Vfio-pci inaishika mapema, kabla dereva ya kawaida haijaamka. Unatengeneza mashine kwa virt-manager, unachagua OVMF, unaongeza karte na sauti yake. Ordinatere ya kubeba mkononi, achana nayo.

Maelezo ya zamani yanasema sana juu ya kosa 43 la Nvidia. Toka dereva 465 ya mwaka 2021, kampuni hiyo ilikubali GeForce ndani ya mashine virtueli, basi zile hila hazina kazi tena. Ila mchezo kama Valorant unakataa mashine virtueli kabisa, hata upange vizuri namna gani.

Kinachobaki ni umeme. (Bati inayoshikisha chipu kwenye karte inatoka kwenye kasiteriti, mawe yanayochimbwa hapa kwetu Maniema; umeme wa kuiwasha unajitafutia mwenyewe.) RX 580 inaweza kula wati 185, GTX 1650 wati 75. Betri ya 12 V na 100 Ah ina wati-saa 1200, na ile ya risasi haifai kushuka chini ya nusu, ni kusema 600. Masaa 3 ya RX 580 ni 555, bado hujahesabu prosesa na ekra. GTX 1650, masaa yale yale, ni 225.