Nani Alinakili kwa Mwenziwe?

Tantra ni vitabu vya ibada ya siri, vilivyoandikwa zamani katika Bara Hindi na wafuasi wa Shiva, na Wabudha pia. Vingine vyafanana neno kwa neno. Je, nani alinakili kwa mwenziwe? Bwana David Seyfort Ruegg alisema ya kuwa wote walirithi desturi moja ya nchi yao. Lakini Bwana Alexis Sanderson wa Oxford, mwaka 2009, alionyesha kwamba Laghusamvara ya Wabudha ina aya nyingi zilizomo katika vitabu vya Shiva, kama Brahmayamala, na pengine zimeharibika hata hazifahamiki ila kwa kuvirudia vitabu hivyo. Mwalimu asahihishaye madaftari aujua ushahidi wa namna hii. Nami naona una nguvu kuliko hoja ya Ruegg. Walakini Watibeti waliifasiri Laghusamvara, wakaipokea kuwa neno la Budha mwenyewe.