Kahawa ya Kilimanjaro na amri ya mnunuzi mmoja

Katika miaka ya 1920, Mchagga aliyepanda mibuni kati ya migomba ya kihamba chake, shamba la nyumbani, aliwaudhi watu. Masetla wenye mashamba makubwa kuzunguka Moshi waliitaka serikali ya Kiingereza imzuie. Walidai kwamba mibuni ya wenyeji ingeeneza wadudu na magonjwa, na kwamba wezi wangepata pa kuficha kahawa ya mashambani. Nyuma ya madai hayo kulikuwa na suala la vibarua: mwenye kahawa yake nyumbani hana haja ya kwenda kuchuma ya mwenzake. Kenya masetla walifaulu, na kwa miaka mingi Waafrika wakazuiwa kulima arabika. Kilimanjaro walishindwa.

Walishindwa kwa sababu Charles Dundas, ofisa wa utawala, aliwahimiza Wachagga walime, na kwa sababu wakulima wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, wapambane na wadudu na kutetea haki yao ya kulima na kuuza. Ushirika wa mlimani ulianza hivyo, kwa watu waliotaka kuachwa wafanye biashara yao.

Mwaka 1933 mahali pa KNPA pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichosajiliwa chini ya sheria mpya ya ushirika. Mwaka uliofuata ikatoka amri kwa jina la wamangi, watawala wa Kichagga: kahawa yote ya Wachagga ipitie KNCU. Hoja yake haikuwa dhaifu. Mkulima mwenye madebe mawili ya kahawa hupunjwa kirahisi, lakini mzigo wa mlima mzima una sauti mbele ya mnunuzi. Ila mzigo ule sasa ulikusanywa kwa nguvu ya sheria. Bei ya dunia ilipoanguka na malipo yakapungua, mkulima hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mwaka 1937 hasira zikalipuka, watu wakashambulia majengo ya ushirika, na serikali ikaleta polisi.

Bei nzuri za miaka ya 1950 zilituliza mambo, na KNCU ikawa fahari ya Jimbo la Kaskazini. Lakini amri iliyomfunga mkulima kwa ushirika wake ilikuwa imezoeza watawala wazo moja baya: kwamba mnunuzi wa kahawa huchaguliwa ofisini. Mwaka 1976 serikali huru ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwamo, na kahawa ikaangukia mikononi mwa mamlaka ya umma. Fedha zilichelewa. Mibuni mingi ilizeeka bila kupuliziwa dawa, na nguvu ya familia ikahamia kwenye ndizi, mahindi na nyanya.

Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika. Katikati ya miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi nao wakaruhusiwa, wakapanda vijijini na mizani na fedha taslimu. Wengi wao hawakukopesha dawa wala pembejeo, na kasoro hiyo iliumiza. Hata hivyo mama mwenye ada ya shule ya kulipa wiki hiyo aliweza kulinganisha bei mbili kabla ya kufungua gunia lake.

Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima ikusanywe na vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na wanunuzi binafsi wakaondolewa vijijini.