Kutoka Azimio la Musoma hadi Kigoda cha Mwalimu: Taaluma ya Siasa za Afrika na Nafasi ya Mara

Chuo kikuu kinapoanzisha programu maalumu ya kuchunguza siasa za jamii moja, hufanya uamuzi wa kitaaluma na wa kisiasa kwa wakati mmoja, kwa kuwa hutamka hadharani kwamba jamii hiyo ina fikra, taasisi na historia ya utawala inayostahili kuchunguzwa kuanzia ndani yake yenyewe, wala si kama nyongeza ya historia ya mataifa mengine. Kwa mfano, Wakurdi, ambao Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwapa tumaini la kuwa na dola, kisha Mkataba wa Lausanne wa 1923 ukanyamaza kabisa kuhusu tumaini hilo, wameishi tangu wakati huo wakiwa wamegawanyika katika Uturuki, Iraki, Irani na Syria, na kwa sehemu kubwa taaluma ya siasa zao imejengwa ugenini: Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza kina kituo cha taaluma za Kikurdi, na Chuo Kikuu cha Central Florida nchini Marekani kilianzisha kiti cha uprofesa wa siasa za Wakurdi kwa jina la Jalal Talabani, aliyekuwa rais wa Iraki. Watu waliokosa dola wamelazimika kutafuta darasa kwa wenyeji wao.

Afrika ilipita njia inayofanana na hiyo, ingawa ilikuja kupata dola nyingi. Shule ya London ya taaluma za Mashariki, ambayo baadaye iliongezewa Afrika katika jina lake, ilianza mwaka 1916 na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwafundisha maofisa wa himaya, na Chuo Kikuu cha Northwestern kilianzisha mpango wake wa taaluma za Afrika mwaka 1948, wakati Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kwa hiyo swali lililowakabili viongozi wa Afrika Mashariki baada ya uhuru halikuwa kama siasa za Mwafrika zingesomwa au la, kwa kuwa zilikuwa zikisomwa tayari. Lilikuwa ni nani atakayezisoma, akiwa wapi, kwa lugha gani na kwa faida ya nani. Historia ya swali hilo nchini Tanzania hutazamwa zaidi kutokea Mlimani, kampasi ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ilhali sehemu yake nzito iliandikwa Musoma na Butiama, mkoani Mara, na bado haijapewa haki yake.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiozidi kumi na wanne, katika jengo la chama cha TANU, mtaa unaoitwa leo Lumumba. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Katika miaka hiyo ya kwanza mitaala ilikuwa bado ya Kiingereza kwa lugha na kwa fikra, na mwanafunzi aliweza kumaliza masomo yake akiyajua mabunge ya Ulaya vizuri kuliko mabaraza ya wazee wa kijiji alikozaliwa.

Mtikisiko ulitokea tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kipengele cha kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi minne isiyotimia baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa, likifuatiwa Machi na waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo wa Machi chuo kiliitisha mkutano wa kujadili wajibu wake katika Tanzania ya kijamaa, na katika mijadala iliyofuata likazaliwa somo la pamoja, yaani somo ambalo kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa sayansi, alitakiwa kulisoma ili aifahamu jamii yake. Ndilo lililokuja kuwa msingi wa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo iliyoanzishwa mwaka 1973. Hii ilikuwa programu ya kwanza ya kudumu ya siasa na jamii ya Afrika iliyowahusu wanafunzi wote wa chuo hicho, na ni haki kusema kwamba haikutokana na hisani ya mfadhili bali na ugomvi wa wazi kati ya dola na vijana wake.

Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo katika vipindi viwili kati ya 1966 na 1974, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, mmoja wa wachapishaji wake akiwa Tanzania Publishing House. Wanafunzi nao walikuwa na jarida lao, Cheche, lililoanza mwishoni mwa 1969 na kupigwa marufuku Novemba 1970, baada ya kuchapisha maandishi ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Marufuku hiyo inapaswa kukumbukwa kila inaposifiwa Mlimani ya zama hizo, kwa sababu dola iliyotaka chuo kifundishe ujamaa haikuwa tayari kusomwa yenyewe kwa darubini ya ujamaa huo.

Novemba 1974 uzito wa mjadala ulihamia kando ya Ziwa Viktoria. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha maamuzi yanayojulikana kama Azimio la Musoma, ambalo linakumbukwa zaidi kwa kuagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe na nafasi katika shule ya msingi. Sehemu yake ya pili haisemwi sana ingawa iligusa moyo wa chuo kikuu: ilifuta utaratibu wa mhitimu wa kidato cha sita kwenda chuoni moja kwa moja, ikaagiza kwamba kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama mahali pake pa kazi. Utaratibu huo ulileta Mlimani watu wazima waliokwisha kuendesha ghala, darasa au ofisi, waliojua bei ya pamba inavyopangwa na jinsi mkutano wa kijiji unavyoweza kuvurugika. Lakini pia ulilipa tawi la chama sauti juu ya nani awe msomi, na hilo lilikuwa kosa kubwa, kwa kuwa uchunguzi wa siasa hauwezi kuwa huru ikiwa mchunguzi huingia darasani kwa ridhaa ya anayechunguzwa. Masharti hayo yalilegezwa kidogo kidogo, kwanza kwa wanawake na kwa baadhi ya fani, hadi yakaachwa.

Uchumi ulipodhoofika katika miaka ya 1980 na vyuo kuanza kuishi kwa fedha za miradi, taaluma ya fikra za kisiasa za Afrika ilififia hata pale ilipozaliwa. Kurejea kwake kulikuja mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika. Kigoda ni nafasi ya uprofesa yenye dhamana mahususi, na umajumui ni itikadi inayowaona Waafrika wa bara na wa ughaibuni kuwa watu wenye hatima moja. Aliyekishika kwanza ni Issa Shivji, yuleyule wa Cheche, na baadaye Penina Mlama, profesa wa sanaa za maonyesho. Tamasha la kitaaluma la Kigoda lilimleta Wole Soyinka mwaka 2009 na Samir Amin mwaka uliofuata, na kumbi zikajaa. Tunda kubwa la Kigoda, kwa maana ya watu na moyo wake, ni wasifu wa Nyerere wa majuzuu matatu ulioandikwa na Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2020. Nyaraka zilizokusanywa kwa kazi hiyo zimewekwa katika Kavazi la Mwalimu Nyerere, yaani hifadhi ya kumbukumbu, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Hata hivyo Kigoda kiko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka mahali fikra zenyewe zilipochimbuka. Jamii za Mara zilikuwa na siasa za aina yake kabla ya ukoloni. Wazanaki, Wakurya, Waikoma na majirani zao hawakuwa na mfalme. Madaraka yaligawanywa kwa rika na kwa vizazi, na kizazi kilichotimiza zamu yake, rikora kama kinavyoitwa katika lugha kadhaa za eneo hilo, kilikabidhi nchi kwa kinachofuata. Uchunguzi wa Jan Bender Shetler, aliyekusanya na kuchapisha mwaka 2003 historia zilizoandikwa kwa Kiswahili na wazee wa Mara ya kusini wenyewe, na wa Otto Bischofberger, aliyeandika kuhusu vizazi vya Wazanaki mwaka 1972, unaonyesha jinsi walioshika zamu walivyozunguka mipaka ya nchi kwa miguu katika ibada ya kuiponya ardhi. Wakurya nao waliliachia baraza la siri la wazee, inchama, mambo mazito. Tofauti na hao, Waikizu, ambao eneo lao sasa liko wilayani Bunda, walikuwa na mtemi aliyehusishwa na mvua. Utawala wa kikoloni uliwapa Wazanaki machifu, na Nyerere Burito, baba wa Mwalimu, alikuwa mmoja wao. Kwa hivyo kijana aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 alikulia katika nyumba ya chifu ndani ya jamii ambayo hapo awali haikuhitaji chifu, na ni vigumu kuzielewa hoja zake za baadaye kuhusu wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane bila kuujua mvutano huo.

Makumbusho ya Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yanahifadhi ushahidi wa karibu zaidi. Miongoni mwa maandishi ambayo Nyerere aliyafanyia kazi imo tafsiri ya Kiswahili, kwa mwandiko wa mkono wake, ya Jamhuri ya Plato, kitabu kinachouliza nani anastahili kutawala na kwa elimu gani. Mwalimu huyu alitumia saa zake kuliweka swali la kale la Wagiriki katika lugha ambayo mkulima wa Nyasura au Kiabakari anaweza kulisoma bila mkalimani. Ukiacha programu za Kiswahili chenyewe, hakuna chuo kikuu nchini kinachofundisha falsafa ya siasa kwa Kiswahili hadi ngazi ya shahada, na hilo ni deni.

Wilaya ya Butiama sasa ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu, na Kibaha ipo tangu 2022 Shule ya Uongozi yenye jina hilohilo, iliyojengwa na vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika kwa msaada wa China. Kilimo na teknolojia ni mahitaji ya kweli ya Mara, na shule ya makada ina kazi yake, lakini hakuna kati ya taasisi hizo inayoweza kushika nafasi ya programu ya kitaaluma inayochunguza siasa za watu wa eneo hili kwa uhuru wa kukosoa, ikiwa ni pamoja na kumkosoa Mwalimu mwenyewe. Mkoa uliomtoa Joseph Warioba, mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoanza kazi mwaka 2012, hauna uhaba wa mambo ya kuchunguza.

Kwa hiyo Baraza la chuo cha Butiama linaombwa kufungua idara, hata iwe ndogo yenye wahadhiri watatu, itakayofundisha kwa Kiswahili, ishirikiane na Makumbusho na Kigoda cha Mlimani, na ianze kwa kukusanya. Familia za Musoma, Bunda na Butiama zenye madaftari ya mihutasari ya matawi ya TANU, ya vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba na ya mabaraza ya wazee zisiyachome wala kuyaacha yaliwe na mchwa; ziyatunze mahali pakavu na kuyaorodhesha, kwa sababu idara hiyo itakapofunguliwa ndiyo yatakayokuwa maktaba yake ya kwanza.