Baiskeli ya tairi moja: Angalia haya kabla ya kununua ya kujifunzia mitindo

Ukiiona kwenye sarakasi au kwenye video, baiskeli ya tairi moja ni kitu rahisi: tairi, siti na pedali mbili, basi. Ukienda kununua ndipo unakuta zipo za milimani, za safari ndefu, za kuruka vizingiti na za mtindo huru, yaani zile za kuchezea madoido kwenye sakafu tambarare.

Ukichukua isiyofaa, kuendesha utajifunza tu. Shida inakuja siku unapoanza mitindo, mguu ukakosa pa kukanyaga.

Mtindo huru si mchezo wa mtaani peke yake. Umo kwenye Unicon, mashindano ya dunia yaliyoanza mwaka 1984, ambako washindani huonyesha mitindo yao kwa kufuata muziki.

Kumbuka jambo moja: siti, tairi, krenki na pedali unaweza kubadilisha kidogokidogo. Fremu na habu ukitaka kubadilisha, ni kama unanunua baiskeli nyingine. Kwa hiyo anza na hivyo viwili.

1. Fremu: tafuta mabega bapa

Angalia pale fremu inapopita juu ya tairi. Zipo zenye umbo la mviringo na zipo zenye mabega bapa. Kwa mitindo, chukua yenye mabega bapa.

Sababu ni hii. Kuna mtindo wa kuendesha kwa mguu mmoja, ambapo mguu wa pili unapumzika juu ya bega la fremu. Kuna mwingine wa kutoa miguu kwenye pedali na kulisukuma tairi kwa nyayo, kama unalitembeza. Hapo pia bega la fremu ndilo pa kuegeshea mguu. Kwenye fremu ya mviringo kiatu kinateleza.

2. Habu: utaruka au hutaruka?

Ekseli ya pembe nne ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Inatosha kwa kuzunguka, kurudi nyuma na mitindo ya sakafuni. Lakini ukipanga kuruka ngazi au kushuka kwenye ukuta, chukua ekseli yenye meno, maana ya pembe nne inaweza kupinda au krenki zikaanza kucheza.

3. Saizi ya tairi: inchi 20

Baiskeli hii haina cheni. Pedali ikizunguka mara moja, tairi nalo limezunguka mara moja. Kwa tairi la inchi 20, hiyo ni kama mita moja na nusu, mwendo wa taratibu unaokupa nafasi ya kugeuka na kusimama. La inchi 24 linakwenda mbali zaidi na ni zito kuligeuza ghafla. Mtoto mdogo ambaye miguu haifiki anaweza kuanza na inchi 16.

Chagua tairi lenye uso laini, lisilo na vibonge vya matopeni. Kama utafanyia mazoezi ukumbini, tafuta lisiloacha alama nyeusi sakafuni.

Upepo je? Kwenye sakafu ngumu tairi lijazwe vizuri ili ligeuke kwa urahisi, ila usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake. Ukitaka kurukaruka, punguza kidogo.

4. Krenki: usikimbilie fupi

Krenki ndefu zinakupa nguvu ya kulizuia tairi. Fupi zinafanya mguu uzunguke kwa wepesi, ndiyo maana waliobobea wanazipenda. Kwa tairi la inchi 20, anayeanza atumie za milimita 125. Ukishaweza kusimama palepale kwa kwenda mbele na nyuma bila kuanguka, shuka hadi 110 hivi. Za 100 au chini yake ziache kwanza.

5. Siti na pedali

Kaa juu ya siti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukikaribia kunyooka, urefu ni sawa. Wanaoanza wengi huishusha siti mno, halafu magoti yanachoka haraka kwa sababu uzito wote umehamia miguuni.

Siti iwe na mpini mbele na kinga ya plastiki ncha zote mbili. Mpini utaushika ukifika mitindo ya kuendesha siti ikiwa mkononi. Kinga ni kwa sababu siti itaanguka chini mara nyingi sana.

Pedali ziwe za plastiki. Zile za chuma zenye vijino zinashika kiatu vizuri, ila zikikupiga kwenye ugoko utajuta, na sakafu ya ukumbi zinaichana.

Hatari inayosahaulika

Pedali moja imeandikwa L na nyingine R. L ni ya mguu wa kushoto, na hufungwa kwa kuzungusha kinyume na kawaida. Siti ikiwekwa mbele nyuma, unaendesha tairi likiwa limegeuka, na kila unapokanyaga pedali zinaanza kujifungua. Inaweza kuchomoka ukiwa juu. Kabla ya kupanda, hakikisha siti ikitazama mbele, L iko kushoto kwako.

Krenki nayo ikianza kucheza, shuka ukaze. Ukiendelea hivyohivyo, tundu lake linaliwa na haitakaza tena.

Kabla hujalipa

- Fremu ina mabega bapa?
- Tairi ni inchi 20 na uso wake ni laini?
- Krenki ni milimita 125?
- Bomba la siti linafaa urefu wako? Refu mno linakatwa kwa msumeno wa chuma, fupi mno halina dawa.
- Umebakisha hela ya helmeti, kinga za viganja na za ugoko?

Na kamba za viatu zichomeke ndani. Kamba ikijizungusha kwenye krenki, mguu hautoki, na hapo kuanguka ni lazima.