Nani Atamhukumu Profesa?

Hapa Sandoa, katika inchi ya Walunda, mtu mwenye kuonewa anajua njia yake. Anakwenda mbele ya chifu, wazee wanakaa, kila mmoja anasema maneno yake, na mshitakiwa hahukumiwi bila kusikilizwa. Lakini watoto wetu wanaopitia Kasaji na Kolwezi kwenda kusoma Lubumbashi wamerudi zaidi ya mara moja na habari ileile: maprofesa wameacha kazi. Ndipo wazazi wanauliza: Je, watu wenye akili namna ile hawana wazee wa kuwakatia shauri? Ulizo hili si la kucheka. Limeulizwa miaka 800, na Kanisa lilikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Mwaka 1229, siku ya sikukuu kabla ya Kwaresima, wanafunzi wa Paris waligombana na mwenye duka la pombe juu ya bei ya divai. Walipigwa. Kesho yake wakarudi na fimbo, wakaharibu mitaa. Malkia Blanche akatoa ruhusa, askari wakatoka, wakaua wanafunzi kadhaa. Walimu wakaomba haki, hawakuipata. Basi wakafunga masomo, wakatawanyika: wengine Orléans, wengine Angers, wengine Toulouse, wengine wakavuka bahari mpaka Uingereza. Miaka miwili Paris haikuwa na masomo yake makubwa.

Papa Gregori IX, naye aliyesoma Paris katika ujana wake, ndiye aliyemaliza shauri. Tarehe 13 mwezi wa nne 1231 alitoa barua iitwayo Parens scientiarum. Tuiangalie vizuri, maana si barua ya kusema tu "mpatane." Iliwapa walimu uwezo wa kujiwekea sheria juu ya masomo, nguo na kodi ya nyumba. Tena iliwapa ruhusa ya kusimamisha masomo kama mmoja wao ameuawa ao kuumizwa vibaya, na siku 15 zimepita bila kulipwa haki. Mwanafunzi asifungwe kwa sababu ya deni. Na Kansela, yule aliyetoa ruhusa ya kufundisha, alikatazwa kuwa na gereza lake mwenyewe. Papa alijua wanadamu: mwenye kutoa kazi akiwa pia na ufunguo wa gereza, nani atasema kweli mbele yake? Mwenye kosa hakuachwa hivihivi. Azabu yake iliwekwa mikononi mwa Askofu.

Louvain, Ubelgiji, ilipoanzishwa mwaka 1425 kwa barua ya Papa Martino V, iliendelea zaidi. Mtawala wa inchi, mji na mapadri wa kanisa kubwa walimwachia Rekta uwezo wao wa kuhukumu watu wa universite. Profesa wa Louvain alikuwa na tribunali yake. Watu wa mjini hawakuipenda sana, na labda walikuwa na sababu: ndugu akimhukumu ndugu, jirani anaogopa upendeleo.

Jina la Louvain ndilo lililoletwa Kongo mwaka 1954, ilipofunguliwa Lovanium karibu na Leopoldville. Miaka miwili nyuma yake Serkali ilifungua universite yake Elisabethville. Lovanium haikupewa tribunali ile ya zamani. Nyakati zilikuwa zimebadilika. Lakini roho yake ilionekana mwezi wa kwanza wa mwaka 1960. Padri kijana, Tshibangu Tshishiku, aliyekuwa bado mwanafunzi, alisimama mbele ya watu kupingana na mkuu wa fakulte yake, Padri Alfred Vanneste, juu ya teolojia ya Kiafrika. Mwanafunzi alisema teolojia yenye rangi ya Afrika inawezekana. Mkuu wake alijibu kwamba teolojia ya kweli inapaswa kwanza kuwa ya watu wote. Maneno ya wote wawili yakachapwa mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain, iliyotoka seminari ya Mayidi. Hakuna aliyefukuzwa. Mwaka 1967 yule mwanafunzi akawa Rekta wa Lovanium.

Miaka tisa baada ya majadiliano yale njia ikawa nyingine. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969 wanafunzi walipigwa risasi katika njia za Kinshasa. Mwaka 1971 wale wa Lovanium walitiwa jeshini, na mwezi wa nane Lovanium, universite ya Lubumbashi na ile ya Waprotestanti ya Kisangani zikaunganishwa kuwa moja, universite ya taifa, kwa amri ya wakubwa wa siasa. Rekta wake akawa Tshibangu, aliyekuwa sasa Askofu. Fakulte zikahamishwa kama mizigo: profesa wa lugha aliyefundisha Kinshasa akaambiwa kazi yake iko Lubumbashi. Mwaka 1974 fakulte ya teolojia ikatolewa kabisa katika universite. Maaskofu waliichukua mikononi mwao; leo ni sehemu ya Universite Katolika ya Kongo.

Katika waliofika Lubumbashi kwa namna ile alikuwamo V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyekuwa mtawa wa Wabenedikto Rwanda katika ujana wake. Aliongoza fakulte ya lugha. Karibu mwaka 1980 aliitwa kuingia katika Komite Kuu ya chama cha Mobutu. Hakukubali, akatoka katika inchi, akafundisha Marekani, na huko alifariki mwaka 2025. Hapakuwa na mashitaka, hapakuwa na tribunali, maana hakuvunja sheria yoyote ya universite. Heshima tupu ilitosha kumfukuza.

Mwaka 1981 universite ya taifa iligawanywa tena kuwa tatu. Amri ya tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka ule iliandika kazi, haki na azabu za maprofesa, kutoka karipio mpaka kufukuzwa. Hapo kuna faida: kosa lina jina, na azabu ina kipimo. Lakini katika mpango ule Rekta aliwekwa na Rais wa inchi, na komite ya uongozi iliongozwa na Rekta huyohuyo. Profesa aliyekuwa na shauri na Rekta wake alipanda ngazi zile, na juu yake akamkuta tena Rekta.