Weetabix na wamiliki wake

Weetabix, vitofali vya ngano vinavyoliwa asubuhi kwa maziwa, asili yake ni Australia. Katikati ya miaka ya 1920, Bennison Osborne alitengeneza Sydney chakula alichokiita Weet-Bix, kwa fedha za mfanyabiashara Arthur Shannon. Mwaka 1928 haki zake ziliuzwa kwa Sanitarium, kampuni ya Kanisa la Waadventista Wasabato.

Wasabato walihimiza nafaka na matunda badala ya nyama, na ni katika hospitali yao ya Battle Creek, Marekani, ndipo akina Kellogg walipobuni vyakula vyao vya nafaka. Mgonjwa mmoja wa hapo, C. W. Post, alianzisha kampuni yake mwenyewe mwaka 1895.

Osborne na mwenzake Malcolm Macfarlane walipitia Afrika Kusini, kisha wakaenda Uingereza. Mwaka 1932 walianza kazi kijijini Burton Latimer, katika kinu cha Frank George, kwa jina la British and African Cereal Company. Mwaka 1936 ikaitwa Weetabix Limited.

Familia ya George ilibaki na kampuni hadi 2004, na enzi hiyo ndiyo iliyoijenga chapa. Waliofuata walikuwa wanunuzi wa kampuni. Hicks, Muse, Tate & Furst ya Marekani ililipa pauni milioni 642; tawi lake la Ulaya likawa Lion Capital. Mwaka 2012 Bright Food, kampuni ya serikali huko Shanghai, ilichukua asilimia 60. Miaka mitano baadaye Post Holdings, mrithi wa biashara ya yule mgonjwa wa Battle Creek, ikainunua kwa takriban pauni bilioni 1.4.

Ununuzi huo ulifika hadi Afrika Mashariki. Weetabix zinazouzwa madukani Kenya na Tanzania hutengenezwa Nairobi na Weetabix East Africa, na mwaka 2017 Post ilipata zaidi kidogo ya nusu ya hisa za kampuni hiyo. Weet-Bix ya Australia na New Zealand imebaki mikononi mwa Sanitarium.